Kengele Ndefu

Wiki ya tatu baada ya kumzika Isakwisa, bakuli la kande alilolipeleka Mama Tupokigwe kwa Ambokile lilirudi limejaa vilevile. Hakuna aliyelikabidhi mkononi. Lilikutwa asubuhi kizingitini, limefunikwa kwa sahani ileile, mahindi na maharage yameganda kama yalivyopakuliwa jana yake. Sabina, mkwewe, alilitazama, akamtazama mumewe, kisha akalimwaga kwenye ndoo ya nguruwe.

Anania hakuinua uso. Alikuwa nyuma ya jiko akipasua kuni. Alipiga shoka mara moja, akapiga mara ya pili, akasimama. Gogo lilikuwa limebakiza kidogo tu lipasuke, lakini aliliacha, akavuta jingine. Rundo zima la kuni siku hizo lilikuwa la magogo yaliyopigwa mara mbili. Sabina alikuwa ameligundua hilo, kama alivyogundua kwamba mumewe akifika kwa mtu alipiga hodi mara mbili tu, akabaki amesimama mlangoni kama mtu aliyesahau kilichomleta.

Isakwisa alikuwa mtoto wa Ambokile, na Ambokile ni kaka mkubwa wa Anania. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mrefu, mcheshi, kedi, mbeba mkoba wa wachezaji, aliyependwa kuliko wote katika klabu ya gofu ya Isyelu, juu ya jiji la Mbeya. Radi ilimpiga kwenye shimo la nane, Jumamosi ya mashindano na wageni wa Iringa, akiwa amemshikia bendera mgeni mmoja. Mgeni alikuwa hatua kumi kutoka pale. Alianguka, akainuka, akatembea kwa miguu yake. Isakwisa hakuinuka.

Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Radi gani hiyo, watu walisema matangani, inayomruka mtu mzima mwenye fimbo ya chuma mkononi na kumchagua kijana? Mzee mmoja wa ukoo, akiota moto uani, alitamka yale ambayo wengine waliyamumunya. "Radi ya Mungu haina anwani. Hii ilikuwa imeelekezwa nyumba."

Na anwani ilipatikana upesi. Siku kumi kabla ya kifo, Mama Tupokigwe alimwona Isakwisa akishuka kutoka klabuni amelowa chapachapa, akamwambia mbele ya wanawake waliokuwa bombani: "Mjukuu wangu, ipo siku utashuka huko umebebwa." Alikuwa anamwonea huruma. Alimshauri arudi kwenye viazi vya baba yake. Lakini Isakwisa alishuka kweli amebebwa, juu ya benchi la banda la makedi, miguu ikining'inia, na wale wanawake wa bombani walikuwa na masikio.

Kilichozidisha ubaya ni kwamba Mama Tupokigwe hakumzaa Ambokile. Alikuwa mke mdogo wa baba yao. Mama yake Ambokile alipofariki, mtoto akiwa na miaka sita, Tupokigwe ndiye aliyembeba mgongoni kwenda naye shambani, na alipomzaa Anania aliwalisha wote wawili sahani moja. Miaka arobaini hakuna aliyekumbuka kwamba yeye ni mama wa kambo. Sasa kila mtu alikumbuka.

Ukoo ungekaa Jumamosi. Ujumbe ulikuwa umeshafika, umefungwa kwa adabu: bibi amechoka, akapumzike kwa binti yake kule Igawa. Kila mtu alijua maana ya kupumzika huko. Bibi wa aina hiyo hakurudishwa, na akifa alizikwa hukohuko, mbali na mumewe na shamba lake.

"Wewe ndiye uliyekuwepo," Sabina alimwambia mumewe, akisuuza ndoo. "Watu wote wanazungumza, isipokuwa aliyekuwepo. Uliona nini?"

"Niliona mvua."

"Mvua tu?"

Anania alichukua gogo jingine. Akalipiga mara mbili.

Alikuwa ameona zaidi ya mvua. Anania alikuwa msimamizi wa makedi, kazi aliyoifanya miaka kumi na minne, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kupiga kengele. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi. Kanuni ya klabu iliandikwa kwa rangi ukutani, kila kedi aliijua kama Baba Yetu. Mapigo matatu maana yake mchezo unasimama, lakini aliyeanza shimo anaruhusiwa kulimaliza. Kengele ndefu, ile ya kupiga mfululizo bila kukoma, maana yake hatari: kila mtu aache alichoshika, akimbilie chini, hata kama mpira umebakiza inchi moja kuingia shimoni.

Mwezi Machi Anania alipiga kengele ndefu kwa wingu lililotoka mlima Loleza limevimba kama jipu. Watu wakakimbia. Dakika ishirini baadaye jua likawaka, kavu, na wingu likaenda kunyesha Chunya. Kapteni wa klabu, mhandisi mstaafu aliyeitwa Bwana Liberatus, siku hiyo alikuwa anaongoza kwa alama ambazo hakuwahi kuzipata maishani mwake. Kamati ilimwandikisha Anania barua ya kuomba radhi, akaisoma mwenyewe kwa sauti mbele ya wachezaji, amesimama kwenye majani chini ya baraza, kwa sababu kedi hapandi baraza. Wengine walicheka. Mmoja alimwita nabii. Kisha wakaongeza mstari ukutani: kengele ndefu ipigwe kwa idhini ya kapteni pekee.

Jumamosi ile ya mashindano, kilele cha Loleza kilimezwa mbele ya macho yake. Nywele za mikono zilimsimama. Alikimbia hadi barazani, akasimama chini, akamwomba kapteni idhini. Bwana Liberatus alitazama mawingu, akatazama meza ya vikombe, akauliza nani wamebaki. Aliambiwa ni wageni wawili, wako la nane. "Piga tatu," alisema. "Wamalize, tugawe zawadi."

Kutoka barazani hadi kwenye mkaratusi ni hatua sitini. Anania alizitembea zote akijua. Alishika nondo ya kupigia kengele. Angeweza kuanza kupiga na asiache. Aliikumbuka ile barua, sauti yake mwenyewe ikisoma, na kile kicheko. Akapiga moja, mbili, tatu, akashusha mkono.

*

Jumatano kamati ilikaa, ikamwita. Alisimama kwenye majani, kofia mkononi, wao wakiwa juu barazani na chai yao. Hawakuwa wamekubaliana. Mzee mmoja alisema adabu ya mchezo imekufa tangu makedi waruhusiwe kuzungumza na wachezaji; zamani kedi alikuwa kivuli, na kivuli hakipigwi radi. Mwingine alidai kwamba ni kanuni za dunia nzima, si za Isyelu, kwamba mapigo matatu mtu anamaliza shimo, kwa hiyo klabu haina kosa. Wa tatu aliuliza kama ingekuwa vibaya sana makedi wakiruhusiwa kujikinga barazani mvua ikinyesha. Akajibiwa kwamba sakafu ndiyo kwanza imepigwa rangi.

Katibu, mwanasheria aliyeitwa Jackline, mdogo kuliko wote pale, aliwaacha wamalize. Alisema kitabu cha gofu, kabla hakijataja mpira wala fimbo, kinataja kuwajali wengine, na kwamba yeye angependa kujua jambo moja tu. "Anania, wewe ulionaje siku ile? Ilikuwa hali ya mapigo matatu au ya kengele ndefu?"

Bwana Liberatus aliweka kikombe chini. Hakumtazama Anania. Alisogeza karatasi iliyopigwa chapa tayari, akasema swali hilo limeshajibiwa humo, na msimamizi ni mtu makini, atasoma na kusaini.

Iliandikwa: *Kengele ilipigwa kwa mujibu wa kanuni. Tukio ni la asili na liko nje ya uwezo wa binadamu.* Anania aliisoma mara mbili. Hakukuwa na neno la uongo ndani yake, na hilo ndilo lililomtia baridi. Alipewa kalamu kutoka juu, akaweka karatasi kwenye goti, akasaini. Jackline alimtazama akisaini, kisha akageuza uso kama mtu aliyeona mwenzake akivuliwa nguo.

Aliposhuka bandani alikuta makedi wanabishana nani aende la nane kufyeka. Hakuna aliyetaka. Majani ya pale yalikuwa yameungua kwa michirizi, mfano wa mizizi, na tangu siku ile wachezaji walijishikia bendera wenyewe. Kijana mmoja aliapa kwamba alfajiri, ukungu ukiwa bado chini, alimwona mtu mrefu amesimama pale ameinamisha kichwa, anasubiri. Wenzake hawakumcheka. Anania alichukua fyekeo, akaenda mwenyewe. Alifyeka duara kubwa, akaacha katikati bila kupagusa.

Lakini katika kufyeka alipata wazo, akaling'ang'ania kama mtu aliyeshika tawi mtoni. Huenda yule mgeni asingeondoka hata kwa kengele ndefu. Aliwajua wachezaji. Aliwahi kumwona mtu akimaliza shimo huku nyuki wanamfuata. Kama mgeni angekiri hivyo, mapigo matatu au mapigo mia yangekuwa sawasawa, na Isakwisa angekuwa amekufa kwa ukaidi wa tajiri. Hilo lingetosha kusemwa Jumamosi. Lingemwokoa mama yake, na yeye pia.

*

Alhamisi alipanda basi la alfajiri kwenda Iringa. Lilipopita Igawa, wachuuzi wakanyanyua ndizi na mchele madirishani, aligeuza uso upande wa pili hadi nyumba zikaisha.

Habibu, yule mgeni wa shimo la nane, alikuwa na yadi ya mbao Ipogolo, kandokando ya barabara kuu. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kanzu yenye vumbi la mbao. Alipoambiwa kwamba huyu ni msimamizi wa makedi wa Isyelu alisimama, akamshika Anania mikono yote miwili, akashindwa kuiachia. Alimwita mkewe, Bi Batuli, alete chai. Bi Batuli alimwambia Anania aketi upande wa kulia, kwa kuwa sikio la kushoto la mzee halijasikia tangu siku ile.

Walizungumza kwanza habari za njia, za viazi, za mvua. Habibu aliuliza kama mkono wake wa rambirambi ulifika. Ulifika. Kisha akawa anaokota vumbi la mbao kwenye kanzu yake, chembe mojamoja.

"Mzee," Anania alisema, "nimekuja kuuliza jambo, na usinifiche. Siku ile, kama ingepigwa kengele ndefu, ungeacha kucheza?"

"Ningelala kifudifudi palepale, bwana. Mimi ni mwoga wa radi, muulize huyu. Nyumbani ikinguruma mimi huingia chini ya meza."

"Na wajukuu wanamcheka," Bi Batuli alisema.

"Nilikuwa na karatasi yenu ya kanuni mfukoni. Niliposikia zile tatu nilitaka kuondoka, wallahi. Nilimwambia kijana, mwanangu, tuache, hali hii siipendi." Habibu aliinua macho, yamejaa. "Akanicheka. Akaniambia, mzee, hizo ni tatu, una nafasi, piga taratibu. Anayepiga ni baba yangu mdogo. Yeye hakosei mawingu."

Lori lilipita barabarani, chai ikatikisika vikombeni. Habibu alikuwa bado anasema, kwamba haelewi, kwamba kila akisujudu anamwona kijana amesimama, kwamba anataka mwenye elimu ya mambo hayo amweleze. Hakujua yule aliyekaa mbele yake ana undugu gani na Isakwisa. Alijua tu kwamba ni msimamizi.

"Mimi ndiye baba yake mdogo," Anania alisema.

Bi Batuli aliweka birika chini. Hakuna aliyemlaumu. Walimfungia mkate na mayai ya kuchemsha ya njiani, kama mtu anayekwenda mbali.

*

Jumamosi ukoo ulikaa uani kwa Ambokile, wanaume kwenye mabenchi, wanawake mikekani. Mama Tupokigwe alikuwa amevaa vitenge vyake vya ibada. Alikuja na kifurushi cha nguo. Sabina alijaribu kumnyang'anya njiani, bibi akamwambia amwachie, hataki kurudishwa nyumbani kuja kukifunga mbele za watu.

Msemaji wa ukoo alianza mbali, kama inavyotakiwa. Alitaja umri, alitaja amani, alitaja hali ya hewa ya Igawa, kwamba ni joto zuri kwa mifupa. Neno lenyewe hakulitamka. Alipomaliza alimwomba Ambokile kama mwenye msiba aseme. Ambokile alikuwa amekonda, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Alimtazama mwanamke aliyemlea, kisha akatazama ardhi.

"Mimi sisemi amefanya," alisema. "Ninasema tu kwamba nikimwona, nasikia yale maneno. Siwezi kuishi nikiyasikia."

"Ndaga, mwanangu," Mama Tupokigwe alimshukuru. "Umesema vizuri." Akaanza kuinuka, mkono mmoja kwenye kifurushi, mwingine kwenye bega la Sabina.

Anania alisimama kabla hajanyooka. Hakuwa amepanga maneno. Alisema yote kwa mfululizo, kwa sauti ya chini, watu wakalazimika kusogea: wingu, hatua sitini, idhini, mapigo matatu, karatasi aliyoisaini gotini. Alisema habari ya Machi na barua. Alimtaja kapteni, kisha akasema kwamba kapteni alitoa mdomo tu. Nondo ilikuwa mkononi mwake. Alipofika kwenye maneno ya Isakwisa kwa Habibu alikwama, akajaribu tena, akayasema.

Msemaji wa ukoo alimgeukia mwenye msiba.

"Uliliona wingu?" Ambokile aliuliza.

"Nililiona."

"Ukajua."

"Nilijua, kaka."

Ambokile alinyanyuka. Watu wawili walimshika mikono wakidhani anakwenda kupiga, lakini alipita wote, akaenda kupiga magoti mbele ya mama yake mdogo, akaweka uso kwenye mapaja yake kama mtoto wa miaka sita, mabega yanatikisika. Mama Tupokigwe aliweka mkono juu ya kichwa chake. Alikuwa hamtazami yeye. Alikuwa anamtazama Anania.

"Wiki tatu, mwanangu," alisema. "Wiki tatu unakula chakula changu, unanitazama. Wale walikuwa hawajui. Wewe ulikuwa unajua."

Hakukasirika. Ingekuwa rahisi kama angekasirika. Anania alibaki amesimama katikati ya uwanja, na watu waliopaswa kumsogezea kiti walikuwa wanakusanya mikeka. Ilikubaliwa bila kura kwamba bibi hatakwenda popote. Wanawake walimzunguka, mmoja akamshika mkono, mwingine akalia kwa sauti zaidi ya ilivyohitajika. Aliwapokea wote. Lakini kifurushi hakukiweka chini hadi wanarudi nyumbani, na Sabina, aliyelala naye usiku huo, alisema baadaye kwamba hakukifungua.

Kabla ya kuondoka, Ambokile alimfuata mdogo wake mlangoni. Macho yalikuwa mekundu. "Kesho, kabla ya ibada," alisema, "unipeleke. Mimi sijapaona."

*

Walipanda klabuni mapema. Ukungu ulikuwa unainuka kwenye misonobari. Ambokile alikuwa amevaa suti yake ya kanisani, na suruali ililowa umande hadi magotini. Hakuwahi kukanyaga ndani ya uzio ule. Aliyatazama yale majani mafupi kwa mashaka, kama mkulima anavyotazama ardhi nzuri isiyopandwa kitu.

Kwenye la nane Anania alimwonyesha. Michirizi ilikuwa imeanza kuota upya, kijani chepesi. Ambokile alizunguka duara mara moja. Aliuliza mgeni alikuwa wapi, akaonyeshwa. Aliuliza bendera ilikuwa mkono gani.

"Wa kulia. Mkoba begani kushoto."

"Alikuwa anatazama wapi?"

"Chini, kwenye shimo. Mchezaji akiwa anapiga, kedi hatikisiki. Hageuki, hakohoi, hatazami pengine." Anania alisimama vile, kumwonyesha. "Ndivyo nilivyomfundisha. Alikuwa mzuri kuliko wote."

"Hata juu?"

"Hata juu, kaka."

Ambokile aliingia katikati ya duara. Aliweka viatu vyake pale, akausogeza mguu wa kulia kidogo, kama mtu anayetafuta nyayo za mwenzake. Aliinamisha kichwa akatazama shimo, tundu dogo la kutosha ngumi. Alikaa hivyo kwa muda mrefu.

Nyuma yao sauti zilisikika. Wachezaji wa kwanza wa Jumapili walikuwa wamefika kule chini kwenye kianzio cha shimo la nane, wanne, weupe wa kofia ukionekana kupitia ukungu. Mmoja alipiga mluzi. Kisha akaita jina la Anania, mara moja, kwa sauti ya mtu asiyezoea kuita mara mbili, na Anania aliijua, ni sauti ya kapteni. Kanuni ilikuwa wazi: anayecheza hasubirishwi, asiyecheza apishe.

Anania aliwageukia, akainua mkono juu kabisa, ishara ya kwamba njia haijafunguliwa, mtu asipige.

Ambokile hakusikia mluzi wala jina. Taratibu, shingo ikikataa kwanza, aliinua uso akaanza kutazama mbingu. Mdogo wake alisimama kati yake na wale wanne, mkono juu, bega limeanza kuuma, akaamua kwamba hataushusha mpaka kaka yake atosheke.